Mnaopunguza uzito huku insulini imegoma, njooni tuongee (na kisa cha vidonge vya mama)

Dada_wa_Kimara

Habari zenu wakuu. Nimesoma humu kimya kimya zaidi ya mwaka, leo nimeona niandike maana kila wiki mtu anauliza dawa ya kukata tumbo na majibu mengine yanayokuja yananiumiza roho. Utakuwa mrefu mnivumilie.

Nina miaka 38, naishi Kimara, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti kule Posta tangu asubuhi. Mwaka jana mwezi wa tatu nilikuwa na kilo 94 na kiuno sentimita 108. Shingo yangu kwa nyuma imekuwa nyeusi tangu nikiwa sekondari, nyeusi ile nene ukiigusa kama kitambaa cha mahameli, na kwapani hivohivo. Shangazi alikuwa ananisugua kwa dodoki na limau kila Jumamosi akisema siogi vizuri, nikakua naamini hivyo, nikawa navaa mtandio hata lile joto la Januari. Siku nimeenda hospitali kwa sababu hedhi imepotea miezi mitano, daktari akaniambia nigeuke, akaangalia shingo, akauliza, nyumbani nani ana kisukari? Mama anacho tangu 2011. Akaniambia dada huu sio uchafu, hii ni insulini yako imekuwa nyingi kwenye damu na ngozi inaonyesha. Nililia pale pale, sio kwa kuogopa ugonjwa, nililia ile miaka ya dodoki.

Alivyonieleza nilielewa hivi. Kongosho linatoa insulini, insulini inapiga hodi kwenye seli za misuli, ini na mafuta ili sukari ipokelewe. Kwa mtu kama mimi hodi inasikika lakini mlango unachelewa kufunguliwa, sasa kongosho linatuma wapiga hodi wengi zaidi na wengi zaidi, na kwa miaka sukari kwenye damu inabaki kuonekana nzuri tu kwa sababu kongosho linafanya kazi ya ziada. Na insulini ikiwa juu muda wote inayaambia mafuta yakae yalipo. Ndo maana kiuno kinajaa na mtu unaambiwa unakula sana wakati unakula kama wenzako. Kipimo changu cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kilikuja asilimia 6.2. Kuanzia 5.7 mpaka 6.4 uko njiani, 6.5 ni kisukari. Na kwenye ultrasaundi ovari zikaonekana na vifuko vidogo vidogo vingi, ambavyo kwa wengi wetu vinaenda pamoja na hili tatizo.

Nikaandikiwa metformini. Na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Mimi nilienda duka la dawa nikapewa vya miligramu 850, kutwa mara mbili, nikameza kimoja asubuhi tumbo tupu nikapanda mwendokasi. Sikufika Magomeni, nilishuka Ubungo kutafuta choo na jasho linanitoka. Nikavumilia siku nne, mdomo una ladha ya chuma, chakula kinanuka, nikaacha. Wiki tatu sijameza na sikumwambia mtu. Niliporudi kliniki nilitaka kudanganya, lakini daktari aliuliza kwa upole, tumbo lilikusumbua eeh? nikasema ukweli. Akanianza upya: 500 kimoja tu, jioni, katikati ya chakula sio kabla, wiki nzima, halafu wiki ya pili kimoja asubuhi na chakula na kimoja jioni, hivo hivo polepole. Baadae akanibadilishia vile vinavyoyeyuka taratibu, kwenye boksi vinaandikwa XR au SR, hivi usivitafune wala kuvikata. Na msishtuke mkiona ganda la kidonge limetoka chooni, dawa yenyewe imeshaingia mwilini. Toka hapo tumbo limetulia.

Nadhani wengi walioacha hii dawa wameacha mwanzoni kabisa kwa sababu hakuna aliyewaambia ianzwe vipi. Inaniuma kweli, maana ni dawa ya bei ya chini, ipo tangu 1957 kule Paris kwa daktari Jean Sterne, na asili yake imetokana na utafiti wa mmea ambao Wazungu waliutumia zamani.

Na jambo la pili: metformini sio dawa ya kukondesha. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo na kusaidia mwili uitikie insulini. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani, watu 3,234 waliokuwa njiani kama mimi, matokeo yakatoka 2002. Waliomeza metformini walipungua wastani wa kilo 2 tu. Waliobadilisha kula na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungua kilo 5 na nusu hivi. Na kupata kisukari kulipungua asilimia 31 kwa wa dawa, asilimia 58 kwa waliobadilisha maisha. Lengo lao lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito, kwangu mimi hiyo ni kilo 6 na nusu. Daktari aliponiambia kilo 6 na nusu zinatosha kuanza kubadilisha mambo nilihisi mzigo umenitoka, kwa sababu mimi nilikuwa nimejiwekea nirudi 60 kama nilivyoolewa na kila nikiangalia mzani nakata tamaa.

Chakula nitakiandika kwenye komenti, ngoja nihudumie watoto kwanza.

Kaka_Fundi

Dada asante sana. Swali, mimi kila mwaka napima sukari ya asubuhi inakuja 5.1, 5.2, naambiwa niko fresh, ila kitambi hakishuki na nikila wali mchana nalala mezani kazini. Inawezekana na mimi?

Dada_wa_Kimara

Kaka inawezekana, ndo hapo nimesema kongosho linafichia. Sio lazima iwe hivo lakini 5.2 peke yake haikutoi kwenye wasiwasi. Chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno, kwa mwanaume ukizidi sentimita 94 na mwanamke ukizidi sentimita 80 ni vizuri uende ukaangaliwe, na waombe HbA1c, mafuta kwenye damu na presha, hivyo vinaenda pamoja. Ila kama una selimundu au upungufu wa damu waambie mapema, HbA1c inaweza kudanganya, watatumia kipimo kingine.

Sasa chakula. Mimi nilikuwa nakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, hiyo ni 36, hujahesabu soda ya mchana, na soda ya kola ya mililita 350 nayo ina zaidi ya gramu 35. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku na ikiwezekana ibaki 25. Nilianzia hapo tu. Kila wiki mbili nikapunguza kijiko kimoja kwenye kila kikombe, baada ya wiki ya sita nakunywa chai ya tangawizi na mchaichai bila sukari na sasa yenye sukari inanikera kooni.

Kwa mama ntilie sikubadilisha kijiwe. Nilimwambia dada yangu nipunguzie wali nusu, niongezee maharage na mchicha, bei ile ile. Mwanzoni alidhani nimeishiwa hela akanijazia kwa huruma, nikamweleza, na sasa hivi kuna wateja wengine wanne wanaagiza "sahani ya dada wa Posta". Naanza kula mboga na maharage au samaki, wali mwisho. Hii ya kuanza na mboga imenisaidia sana kwa usingizi wa mchana Kaka Fundi, jaribu.

Usiku ugali wa saizi ya ngumi yangu na matembele au kisamvu, dagaa au kipande cha kuku. Nataka kusema kitu kuhusu dona maana humu watu wanaambiana dona haipandishi sukari, au kula mtama, kula muhogo, ule kadri unavyotaka. Sio kweli. Dona ina nyuzi zaidi inakaa tumboni, nzuri kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Asali ni sukari. Juisi ya miwa hata ikikamuliwa mbele yako ni sukari. Mimi nilinenepa kilo 2 kwenye uji wa lishe wa "afya".

Kutembea: jioni nashuka Baruti badala ya Kimara Mwisho, naenda kwa miguu mpaka nyumbani. Na baada ya chakula cha usiku nazunguka mtaa dakika kumi na mwanangu mkubwa. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari hata bila kungoja hodi nyingi, ndo maana kutembea baada ya kula kuna faida yake ya peke yake.

mti_shamba

Dada acha hizo sumu za mahospitali. Unga wa mlonge na mdalasini asubuhi, siku 21, insulini inafunguka yenyewe. Nimesaidia wengi. Njoo inbox.

Dada_wa_Kimara

Kaka yangu nakuheshimu na mlonge nakula, majani yake kama mboga ni mazuri. Lakini usimwambie mtu aache dawa. Jirani yangu aliacha vidonge akanywa vitu vya chupa miezi miwili, sukari ikapanda mpaka kimashine kikaandika HI badala ya namba, akalazwa. Tafadhali.

Nesi_wa_zamu

Naomba niongezee maana niko kliniki ya kisukari mwaka wa tisa. Mnaotumia metformini angalieni haya. Figo zipimwe kabla ya kuanza na angalau mara moja kwa mwaka, figo zikishuka sana dawa hii hairuhusiwi. Ukipata kuharisha na kutapika kwa nguvu mpaka maji yanaisha mwilini, isimamishe uende hospitali, usiendelee kumeza eti dozi isikatike. Ukiambiwa unapigwa CT scan ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha, sema natumia metformini. Na ukiitumia miaka, vitamini B12 inaweza kushuka, ukianza kusikia ganzi miguuni usidhani moja kwa moja ni sukari, pima na hiyo.

Kingine kwa kina dada wenye ovari zenye vifuko. Dawa na uzito kupungua vinaweza kurudisha yai kupevuka. Nimeshaona mama aliyekaa miaka sita hajashika akashika bila kupanga. Kama hutaki mimba sasa hivi panga mapema.

Dada_wa_Kimara

Kweli kabisa nesi, hedhi yangu ilirudi mwezi wa nne na nilishtuka.

bint_Mvita

Assalaam alaykum. Mie niko Mombasa, dadangu ana hali hii na Ramadhani haiko mbali. Afunge? Daktari wake ni wa mbali. Na mahamri na mbaazi asubuhi ndio maisha yetu, tufanyeje jamani.

Nesi_wa_zamu

Waalaykum salaam. Bibi, dadako anatumia metformini peke yake? Kama ndio, hiyo peke yake kwa kawaida haishushi sukari chini ya kiwango, wengi hufunga na dozi hupangwa upya kwenye futari na daku. Kama ana glibenklamaidi au gliklazaidi (vidonge vya kulisukuma kongosho litoe insulini) au sindano ya insulini, hapo asianze kufunga kabla hajaongea na daktari, wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi kuanza. Daku asiiache na aisogeze karibu na alfajiri. Mbaazi ni nzuri, ni mahamri ndio apunguze, moja badala ya matatu, na mbaazi za nazi nzito zisiwe bakuli.

mlinzi_usiku

Mimi nalinda geti saa 12 jioni mpaka 12 asubuhi. Nakula saa 7 usiku chipsi mayai ndo chakula kinachopatikana. Nina kilo 103. Metformini nameza saa ngapi?

Nesi_wa_zamu

Kaka pole na kazi. Dawa inafuata chakula chako kikubwa sio saa ya ukutani, kama kikubwa ni saa 11 jioni kabla ya lindo, meza hapo, ila mwambie aliyekuandikia ratiba yako. Usiku wa manane mwili unaipokea sukari vibaya kuliko mchana, kwa hiyo beba mayai mawili ya kuchemsha na karanga kiganja, chipsi iache. Na ulale mchana masaa saba ya kweli, giza, simu mbali. Kukosa usingizi peke yake kunaifanya insulini igome zaidi.

Shosti_Muscat

Jamani kuna hizi sindano za Ozempic, mwenzangu hapa Muscat amepungua haswa. Nikiwaletea Dar mtanunua? Nauliza tu kwa wema.

Dada_wa_Kimara

Najua una nia nzuri shoga, lakini mimi nakataa. Dawa zenyewe ni za kweli na zinasaidia watu, ziliruhusiwa Marekani kwa kisukari tangu 2017. Ila kalamu ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 na isigande, sasa kwenye begi la ndege, halafu kwenye bodaboda ya Dar, halafu umeme ukikatika? Na 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic feki zilizokamatwa nchi kadhaa. Ukichomwa kitu usichokijua nani atakufuatilia kichefuchefu, nyongo, dozi? Anayeitaka aongee na daktari, aandikiwe, anunue famasia inayojulikana.

Dada_wa_Kimara

Nimerudi. Nilisema kwenye kichwa cha uzi nitaandika habari ya mama na nimekuwa naahirisha kwa sababu bado inanitetemesha.

Desemba nilienda Morogoro nikiwa nimepungua kilo 6, nina furaha, kila mtu ananisifia. Nikaona mama naye nimsaidie. Nikaingia jikoni, nikafuta sukari, nikapunguza ugali wake robo tatu, usiku mboga na supu tu, na asubuhi natembea naye. Alifurahi jamani, alikuwa ananiita kocha. Siku ya tatu saa nane usiku nikasikia anaongea. Nimeingia chumbani nimemkuta amelowa jasho shuka zima, mikono inatetemeka, ananiita jina la mdogo wake aliyefariki 2016. Nilidhani ni kiharusi. Nikakumbuka kimashine, nikampima, 2.6, sukari imeshuka mno.

Mama hatumii metformini peke yake kama mimi. Ana glibenklamaidi pia, na ile inalikamua kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Mimi nilikata chakula na vidonge vikabaki vile vile.

Alikuwa bado anaweza kumeza kwa hiyo nilimpa soda ya kawaida nusu glasi, sio ile isiyo na sukari, nikangoja dakika 15, 3.3, nikampa tena, ikapanda 4.8, ndo nikampa mkate na maziwa nikakaa naye mpaka kunakucha nikimpima kila saa, maana hii dawa kwa wazee inaweza kukaa mwilini muda mrefu na sukari ikashuka tena. Angekuwa hajitambui nisingempa kitu mdomoni, ningekimbia naye hospitali. Asubuhi tulienda kliniki. Daktari alisikiliza yote, akasema, dawa hii aliandikiwa mama anayekula sahani ile ya zamani, na wewe umemletea sahani mpya bila kutuambia. Akaitoa glibenklamaidi, akapima na figo, presha pia ilikuwa imeshuka akapunguza kidonge kimoja cha presha.

Kwa hiyo mnaosoma huu uzi mkapata moyo wa kubadilisha chakula cha mzazi, kabla ya sufuria kuguswa chukueni maboksi yote ya vidonge vyake muende nayo kwa daktari, mseme tunataka kupunguza chakula na uzito, ipi inashuka na sisi? Na kila kilo kadhaa zikipungua rudini waangalie tena. Mimi nilijua dawa yangu vizuri nikadhani nazijua za mama.

Kaka_Fundi

Pole sana dada. Mama anaendeleaje? Na wewe sasa uko kilo ngapi?

Dada_wa_Kimara

Mama mzima, anatembea mpaka sokoni na kurudi, anakula wali wake kidogo na hakuna tena kushuka. Mimi 86. Zimegoma hapo wiki ya saba sasa, ila kiuno bado kinapungua, 97, na HbA1c ya mwezi uliopita 5.8. Nimeanza kunyanyua ndoo za maji lita 10 nyumbani na kuchuchumaa kwenye kiti mara tatu kwa wiki kwa ajili ya misuli. Shingo imefifia, haijaisha.

mama_Rukia

Dada nimesoma yote na machozi yananitoka. Binti yangu ana miaka 13, shingo yake iko hivyo hivyo ulivyoandika, mnene kidogo, na baba yake mdogo ana kisukari. Leo asubuhi nimemsugua kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka kumetoka damu kidogo. Nimefanya nini mimi.

Dada_wa_Kimara

Dada yangu usijilaumu, hukujua, na shangazi yangu naye hakujua. Pale palipochubuka paka mafuta ya mgando na jiwe liweke mbali. Keshokutwa Jumatatu mpeleke, mwende mapema hajanywa chai ili kama watataka kipimo cha kufunga kifanyike siku hiyo hiyo, waambie habari ya baba mdogo na kama ameshaanza hedhi inakujaje. Usimnyime chakula, bado anakua, kama kuna kubadilisha badilisheni nyumba nzima ili asione ni adhabu yake.

Na usingoje Jumatatu kumwambia kwamba sio uchafu. Kama hajalala mwambie usiku huu.